Udongo wa Ukoo

Bi Shamsiya alikuwa na dharau ya kumtosha yeye na nyumba yake, ikabaki ya kuwagawia majirani na wageni wapitao. Watu wa Mvuleni, kijiji kilicho bara kidogo ya Kigombe, walikwisha kuizoea kama walivyozoea mbu. Aliudharau wali wa harusi za wenzake kwa kuwa haukuiva, na ukiiva aliudharau kwa kuwa umeiva mno. Waliojenga kwa udongo aliwadharau kwa ufukara, waliojenga kwa tofali za saruji akawadharau kwa kujionyesha. Nyumba ya haki ilikuwa moja tu, nayo ni ile alimoolewa, ya mawe ya zamani, yenye baraza ndefu na mlango wa nakshi. Kwamba bati lilikuwa limeoza kwa kutu na mchwa wamekwisha kula nusu ya hiyo nakshi, hilo hakuona sababu ya kulitaja.

Mumewe, Badr, alikuwa wa ukoo uliotoka Omani zama za mababu, ukapata mashamba ya minazi kandokando ya Mto Mvuleni. Mashamba yalibaki, minazi ikazeeka. Badr naye alikuwa mtu wa kusitasita. Angeweza kusitasita baina ya chumvi na sukari mpaka uji ukapoa. Kwa hiyo dhahabu ilipoonekana kilimani, pale mto unapoingia shambani mwake, yeye alisitasita, na aliyeamua alikuwa mkewe.

“Mama Yazid, mto huu watu wanautegemea,” Badr alisema.

“Watu gani? Hawa wasiojua hata kusema ahsante? Wape mahala wachimbe, bwana wee. Au wangoja mpaka bati lituangukie ndo ujue kuwa tuna njaa?”

Wachimbaji wakaja. Mkubwa wao aliitwa Fanueli, mtu wa Kanda ya Ziwa, mwenye sauti ya kuzoea kushindana na mashine. Wakafunga karasha la kusagia mawe, wakatengeneza mialo ya kuoshea unga wa mawe juu ya magunia, na kilichonasa kwenye magunia wakakitia ndani ya beseni pamoja na zebaki, wakakikanda kwa mikono mitupu kama mtu anayekanda unga wa maandazi. Donge likichomwa, zebaki ilikwenda na moshi, dhahabu ikabaki. Na yale mabaki ya matope, ambayo wao huyaita marudio, yaliteremka mtoni bila kuaga mtu.

Bi Shamsiya alipokea mgao wake wa mwezi, akabadilisha bati la upande wa mbele, ule unaoonekana barabarani. Lakini wenye kuleta mgao aliwachukia kama kinyesi. Fanueli alipokuja hakupita kizingiti. Alikaa kwenye ngazi ya mwisho, akaletewa chai ndani ya kikombe chekundu cha plastiki kilichohifadhiwa stoo, mbali na vyombo vya watu. Na tangu siku ile karasha lilipoanza kunguruma, hakuna kitu cha mto kilichoingia jikoni mwake. Maji ya kunywa yalikuja kwa katoni kutoka Tanga mjini. Mchicha ulitoka sokoni Muheza, samaki Kigombe. Hakuyafanya hayo kwa sababu ya zebaki, maana zebaki hakuijua wala hakutaka kuijua. Alichokijua ni kuwa watu wale wananawa humo miguu.

“Na wanakijiji je?” Badr aliwahi kumuuliza.

“Matumbo yao yamezoea.”

Katika dunia nzima kilikuwapo kitu kimoja tu ambacho Bi Shamsiya hakukidharau, nacho kilikuwa bado hakijazaliwa. Mwanawe Yazid, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Tanga na kupanga nyumba Chumbageni, alimwoa Huwaida, binti mpole mwenye macho makubwa. Mimba ya kwanza ikaharibika, na ya pili ikaharibika. Bi Shamsiya akasema maneno barazani ambayo yalimfikia Huwaida mpaka Chumbageni, kwamba wao wameoa ua, hawakuoa mti. Mimba ya tatu iliposhika, ikapita pale zilipoangukia zile mbili, akayameza maneno yake kimyakimya na kumfuata mkwewe kwa gari la kukodi. Akamleta Mvuleni, akampa chumba chenye dirisha la kusini, akamkataza kuinama, kufagia na kubeba hata sahani. Alimfulia mwenyewe mto wake wa kulalia. Akipita karibu naye aliweka kiganja kwenye lile tumbo na kunong'ona, “Mola, nipe huyu tu, sitakuomba kingine.” Alimpenda mtoto yule mpaka akaona haya, kwani hakuwa na mazoea ya kupenda.

Na mjamzito, kama wajuavyo wote waliozaa pwani hii, hutamani udongo.

Huwaida alitamani udongo vibaya sana. Chumbageni alikuwa akinunua ule wa sokoni, vijiti vilivyofungwa kwenye nailoni. Bi Shamsiya alipoviona mkobani mwake nusura azimie. Akavimwaga vyote jalalani.

“Huu umeshikwa na mikono mingapi, Mola ndiye ajuaye. Umekaa karibu na mafuta ya taa na dagaa! Mjukuu wangu hali takataka za watu. Kwetu upo udongo wa ukoo.”

Udongo wa ukoo ulichotwa mahali pamoja tu, penye kona ya mto chini ya shamba, ambapo maji hupunguza mwendo na masika ikiisha huacha tope laini la kijivu, lisilo na changarawe hata moja. Mama mkwe wake marehemu alimlisha yeye udongo huo alipokuwa na mimba ya Yazid. Bibi wa Badr alilishwa, na waliomtangulia walilishwa. Haukufanywa ovyo. Tope lilichujwa kwa shashi, likakandwa, likaviringishwa kwa vidole mpaka likawa na umbo la tende, likaanikwa kivulini, likapitishwa kwenye moto wa makumbi ya nazi, na mwisho likafukizwa ubani. Ukiuma kipande kinalia menoni, kisha kinayeyuka na harufu ya mvua ya kwanza.

Badr alipouliza, kwa kusitasita, kama si vema kuuacha kwa sasa maadamu huko juu ya mto kuna wachimbaji, mkewe alimtazama kama mtu aliyesahau dini yake.

“Maji hunajisika, baba Yazid. Udongo haunajisiki. Mtu akikosa maji ya udhu hutayamamu kwa nini? Kwa udongo. Ingekuwa mchafu ungetutoharisha tukasali? Na juu ya hayo nimeupitisha motoni. Kuna uchafu gani unaosalimika motoni?”

Huwaida akajaziwa kopo la biskuti, lilipokwisha likajazwa tena, na mimba ikaendelea kukua. Bi Shamsiya akaona kuwa ni kwa sababu ya ule udongo.

Siku moja akaja Bertha. Huyu Bertha alikuwa jirani wa ng'ambo ya barabara, mwanamke mnene mwenye kicheko cha haraka. Baba yake aliletwa kutoka nyanda za juu kukata mkonge, shamba la mkonge likafa, familia ikabaki Mvuleni na kanisa lao dogo la Kilutheri. Binti yake Blessing alikuwa mjamzito kama Huwaida, mimba zikiachana kwa wiki chache tu.

“Hodi, Bi Shamsiya. Shikamoo.”

“Marahaba.” Hakumwambia karibu.

“Nimekuja kukuomba. Huyu Blessing hali, halali, analia udongo. Wa sokoni anautapika. Watu wanausifu mno huu wenu. Nipe hata vipande viwili vitatu, nitakuletea mahindi.”

Bi Shamsiya alilifunga kopo kwa kifuniko, taratibu, ili Bertha aone linavyofungwa.

“Bertha, bibi yangu, huu ni udongo wa ukoo. Hauliwi na kila tumbo. Upo mto mzima ule pale, mwende mkachote mnapochotaga. Kona ile ni yetu, na mtu akionekana pale nitamwita mgambo.”

Bertha alisimama kidogo, kanga imembana kiunoni, kile kicheko chake kimekwenda pasipojulikana. Akasema “Haya, Bi Shamsiya,” akarudi kwake. Blessing akalia udongo mpaka hamu ikamwisha yenyewe, akahamia kwenye ndimu. Kijiji kizima kikasikia jinsi Bertha alivyonyimwa tope, na hata wenye roho ngumu wakasema kuwa hilo limezidi. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, walisema. Bi Shamsiya alipofikishiwa akajibu kuwa yeye wakunga wake wako Tanga, tena wana digrii.

Wakati wa kiangazi walipita wataalamu. Waliingia mtoni na viatu vya mpira, wakachota matope ya chini kwa vijiko virefu, wakayatia kwenye chupa, wakaenda zao. Watu waliwacheka sana, watu wazima kupakia matope kwenye gari la serikali. Miezi miwili ikapita. Kisha Sabiri, mwenyekiti wa kijiji, akaitisha mkutano katika darasa kubwa la shule, akatangaza kuwa majibu ya mto yamefika. Maneno yakavuma kuwa mwalo wa kina Fanueli utafungwa.

Bi Shamsiya hakuwa mtu wa mikutano. Mikutano aliiona mahali pa kunusa makwapa ya watu. Lakini kusikia mwalo utafungwa alivaa buibui jipya, akajipaka udi, akamsukuma Badr mbele yake na kwenda kukaa kwenye kiti kilichowekewa mgeni rasmi. Hakuna aliyethubutu kumwinua. Fanueli na vijana wake walijazana nyuma, wanaume wengine upande wa dirisha, wanawake upande wa mlango, Bertha akiwa katikati yao.

Mtaalamu aliitwa Nehemia, kijana mwembamba mwenye miwani, aliyezungumza kwa adabu hata ikawa vigumu kumsikia. Aliweka mezani chupa ya maji na kando yake gudulia la kioo lenye tope.

“Maji haya ni ya mto wenu,” alisema, akainua chupa. “Yakishatulia, tumeyapima, hali yake si mbaya sana.”

“Alhamdulillahi!” Bi Shamsiya aliruka. “Mwenyekiti, umesikia? Hali si mbaya. Funga mkutano tukapike.”

Watu wakacheka. Nehemia naye akatabasamu, akangoja, akainua gudulia.

“Tatizo liko hapa. Mawe yakisagwa hutoa madini mazito yenye sumu, risasi na aseniki, na juu yake inaongezeka zebaki. Haya hayaelei, yanazama. Yanajificha kwenye tope la chini, hasa kwenye kona, mto unapopunguza mwendo. Tope la juu ya mwalo ni salama. La chini ya mwalo, lile la kona iliyo chini ya shamba la minazi, lina sumu kushinda yote tuliyoyachota. Na likishaingia hivyo halisafiki, si kwa mwaka mmoja wala kumi.”

Sabiri akajikuna kidevu. Fanueli akaanza kusema kuwa huko kwao watu wanaoga zebaki na wanazaa mapacha, lakini Bi Shamsiya alikuwa amekwisha kusimama. Alikuwa ameiona njia, iko wazi, na akaifurahia kabla hata hajaipita.

“Mwanangu,” alisema, kwa ile sauti ya asali aliyoitumia kumchinjia mtu, “weye umesoma, na tena naona umesoma mpaka umepitiliza. Umetwambia maji hayana neno. Maji ndo tunywayo.” Yeye, ambaye tone la mto ule halijamgusa ulimi tangu karasha lifungwe. “Umetwambia ubaya uko kwenye tope. Haya, tumesikia, tope baya. Sasa nambie hapa mbele ya watu. Tope lako hilo, nani analila? Nani katika sisi, baba, anakula tope?”

Darasa likapasuka. Wanaume walipiga madawati, Fanueli akapiga mluzi, hata Badr akacheka huku akisitasita. Mwenyekiti alijifuta machozi. Bi Shamsiya akageuka kuvuna kicheko chake chote, upande wa dirisha, kisha nyuma, kisha upande wa mlango.

Upande wa mlango hakucheka mtu. Wanawake walikuwa wakimtazama. Walimtazama wote, vikongwe na vijana, waliozaa na wanaotarajia, na kila mmoja wao alilijua kopo lake la biskuti. Bertha alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, na machoni mwake Bi Shamsiya aliona kitu ambacho hajawahi kutazamwa nacho na mtu kama Bertha. Alikuwa akimwonea huruma.

Akakaa. Kicheko cha wanaume kiliendelea juu ya kichwa chake, na yeye akawa anajiambia upesiupesi kuwa udongo si tope. Tope liko mtoni na udongo uko kwenye kopo. Udongo umechujwa, umekaushwa, umefukizwa. Alijiambia hivyo mpaka mkutano ukaahirishwa bila kuamua kitu, kama ilivyo desturi, na watu wakatoka wakirudia maneno yake kwa furaha.

Alimtega Nehemia nyuma ya gari lake.

“Shikamoo, mama,” kijana alisema, akidhani amefuatwa kutukanwa tena.

“Marahaba. Hebu nambie. Tope lile likikaushwa?”

“Sumu inabaki, mama. Maji tu ndiyo yanayoondoka.”

“Likipitishwa motoni?”

“Moto unaua kilicho hai. Risasi haiko hai, haifi.”

Kisha akauliza, taratibu, akitazama tairi la gari, “Na likifukizwa ubani?”

Nehemia hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu, Bi Shamsiya angepata pa kumshikia.

“Mama, kuna mtu anakula?”

“Wako huko,” alisema, akipunga mkono kuelekea ng'ambo ya barabara. “Watu wa kambi ya mkonge. Unawajua walivyo.”

“Basi waambie waache leo hii. Na kama yuko mjamzito apelekwe hospitali Tanga, apimwe damu. Kwa mtoto aliye tumboni ndiko kubaya zaidi, kwenye ubongo. Usiwaonee haya, mama. Waambie.”

“N'tawaambia,” alisema Bi Shamsiya.

Nyumbani alimkuta Huwaida barazani, miguu kaiweka juu ya mto wa kiti, kopo mapajani, anatafuna. Kile kilio cha kipande kati ya meno, ambacho kwa miezi kilikuwa kikimfurahisha masikioni, kilimpanda mwili mzima.

“Tema!”

“Mama?”

“Tema, mwanangu. Tema hapa mkononi mwangu.”

Huwaida akatema kwenye kiganja cha mama mkwe wake, akiwa amefumbua macho yake makubwa. Bi Shamsiya akalichukua kopo. Akateremka ngazi nalo, akasimama uani. Akataka kulimwaga kwenye bustani, akakumbuka bamia. Akataka kulimwaga kwa kuku, akakumbuka mayai. Choo kilikuwa kikitiririkia mtoni. Akazunguka ua mzima na lile kopo, bibi wa nyumba ya mawe, amekosa mahali pa kuweka uchafu wake, mpaka mwisho akarudi nalo barazani na kukaa nalo.

“Umeoza?” Huwaida aliuliza, akijaribu kutabasamu. “Mama, udongo unaoza?”

Alikuwa na uongo tayari, alikuwa nao mwingi siku zote. Lakini Huwaida alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, kama aliyekwisha kusikia.

“Una sumu,” Bi Shamsiya alisema. “Ya kule juu, kwenye machimbo. Imezama kwenye kona yetu. Mie sikujua. Nilikataza maji, nikakataza samaki, nikakataza mchicha, nikakulisha yenyewe.”

“Na mtoto?”

“Sijui, mwanangu.”

Huwaida hakupiga kelele. Alilia kwa sauti ndogo tu, akageuza uso ukutani, na mkono wa mama mkwe ulipokuja kwenye tumbo kama ilivyo ada yake, akausogeza pembeni. Badr alisimama mlangoni akisitasita baina ya kuingia na kutoka.

Hospitali Tanga walikaa kwenye benchi na wanawake wengine, kwa kuwa wakunga wenye digrii hawakumjua Bi Shamsiya ni nani. Muuguzi, mama mmoja mwenye kibandiko cha jina la Ritha kifuani, alimuuliza Huwaida amekula nini. Huwaida akamgeukia mama mkwe wake. Bi Shamsiya, ambaye siku zote alimjibia mkwewe hata alipoulizwa kama ana kiu, safari hii alijibu kwa kunong'ona.

“Sikusikii, mama,” Ritha alisema. “Amekula nini?”

“Tope.”

“Tope la wapi? Alipewa na nani?”

Benchi zima likageuka. “La mtoni,” alisema Bi Shamsiya. “Nimempa mimi.”

Walichukua damu, wakasema itapelekwa Dar es Salaam na majibu yatachukua muda. Daktari alisema Huwaida ale vizuri na ahudhurie kliniki bila kukosa. Alipoulizwa kama mtoto atakuwa salama alisema tumwachie Mungu, na Bi Shamsiya akajua kuwa daktari naye hajui. Huwaida hakurudi Mvuleni. Aliomba ashushwe Chumbageni kwa mumewe, na Yazid alimpokea mkewe mlangoni bila kumtazama mama yake.

Siku iliyofuata Bi Shamsiya alimwita Fanueli. Alimwambia aondoe karasha lake, mialo yake na watu wake, leo, sasa hivi, na asionekane tena.

Fanueli, pale kwenye ngazi ya mwisho, alikunywa chai yake polepole kutoka kwenye kikombe chekundu.

“Tutaondoka, mama. Mwamba wenyewe umeanza kukata, dhahabu inakwisha, tulikuwa tunataka kuaga. Ila tope liko chini. Hilo sisi hatuwezi kuondoka nalo.” Akakiweka kikombe juu ya ngazi, kwa heshima kabisa. “Na mgao ulikuwa unapokea mwenyewe.”

Akaenda zake. Kikombe kikabaki pale pale, na Bi Shamsiya hakuwa na nguvu ya kumwita mtu akiondoe.

Ndipo akaja Bertha. Alivuka barabara amevaa gauni lake la kanisani, ameshika jogoo mwekundu aliyefungwa miguu kwa kamba ya mkonge. Bi Shamsiya alimwona tangu mbali na kujiweka tayari. Alijua alichojia. Angekuwa yeye angekuja zamani, tena na ngoma. Akayapanga maneno yake ya kumtoa, makali, kama alivyoyapanga maisha yake yote.

“Shikamoo, Bi Shamsiya.”

“Marahaba.”

“Sitakaa. Nimekuletea huyu.” Bertha alimwinua jogoo. “Blessing jana kaenda kliniki, wakamuuliza kama kala ule udongo, hakula, wakasema hana la kuogopa. Nimekesha nawaza. Angeupata ule udongo angeula wote, yule, namjua mwanangu. Mimi siku ile nilirudi nyumbani nikalia, Bi Shamsiya, nikakusema kwa Mungu. Kumbe umeniokolea mtoto. Sasa nimeona si haki kukaa kimya. Nimekuja kukushukuru uliponinyima.”

Bi Shamsiya alimchunguza usoni. Alitafuta kejeli kwenye pembe za mdomo, akaitafuta machoni na kwenye namna alivyomshika yule kuku. Kejeli angeiweza, kwani amezaliwa nayo. Hakuiona hata chembe. Mwanamke alikuwa amevuka barabara kumshukuru, na alimaanisha.

Alitaka kusema ahsante. Alitaka angalau kusema karibu ukae. Akafungua kinywa, na kilichotoka hakikupangwa.

“Laiti ningekupa wewe,” alisema, “nikamnyima wangu.”

Jogoo akapapatika. Bertha alimtuliza kwa kiganja, akatazama chini kidogo, kisha akapanda zile ngazi ambazo hajawahi kuzipanda na kukaa barazani karibu naye.

“Najua,” alisema, akamweka kuku miguuni pa Bi Shamsiya.